Mama Alikuwa Ameshavaa Viatu

Jumapili, tarehe 11 Mei

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Nauliza kwanza mgongo, maana mara ya mwisho tulipozungumza ulisema unaingia chini ya gari kwa kuteleza kama mjusi na unatoka kwa kuvutwa miguu. Namuulizia pia shemeji, na wale wawili: mkubwa na mtihani wake wa hesabu, na mdogo aliyeng'oka jino la mbele akakataa kucheka mbele ya watu. Natumai wote ni wazima. Mimi mwili hauna neno. Ya kazini nitayasema mbele.

Najua utashangaa kuona karatasi. Wewe mwenyewe ulinitania kwamba sisi watu wa kompyuta tukipewa kalamu tunatafuta mahali pa kuichaji. Nimeandika barua kwa sababu simu utaikata. Nimeshakupigia mara mbili mwaka huu nikamtaja Kitinda, na mara zote mbili nikabaki nasikiliza mlio. Barua haikatwi. Inaweza kuchanwa, lakini mtu huchana baada ya kusoma. Naomba uisome ukiwa umekaa, gereji imefungwa, na uifikishe mwisho kabla hujamwambia mtu neno.

Habari ya kwanza ni njema. Mdogo wetu Kitinda amejifungua. Ni wiki tano sasa. Mtoto ni wa kike, alikuwa na kilo tatu na gramu mia moja, analia kwa sauti nene isiyolingana na umbo lake, na ana masikio ya baba, yale yaliyojitenga na kichwa kama mishikio ya sufuria. Mama mtu hajambo. Shemeji yetu fundi bomba hajambo pia, ingawa amekonda kuliko aliyejifungua. Anasema mtoto akipiga chafya usiku yeye ndiye anayeamka kutafuta panapovuja.

Mtoto hana jina. Wanamwita Mgeni. Nilipokwenda kuwaona Jumamosi ya wiki iliyopita nilidhani ni utani wa siku za mwanzo, nikauliza jina lenyewe ni lipi, na Kitinda akageukia beseni lake la nguo. Shemeji ndiye aliyenieleza pale nje, kwa sauti ya chini, kwamba mke wake anataka kumpa mtoto jina la mama, na kwamba wewe ulimkataza.

Ni kweli ulimkataza. Nilikuwepo. Ilikuwa siku ya pili baada ya maziko, uani kwa mama, na shangazi wote wawili wakiwa wamekaa. Ulimwambia siku akizaa asithubutu kulitia jina hilo mdomoni, maana mwenye jina ameondoka kwa uvivu wa Kitinda. Nayaandika maneno yako kama yalivyokuwa, si kwa kukusuta. Nitakusomea na yangu ya siku ileile, na yangu ni mabaya zaidi.

Shemeji amemshauri achague jina lingine, hata la mama yake yeye. Amekataa. Anasema mtoto atabaki Mgeni mpaka kaka aseme. Wewe unamjua. Ni yuleyule aliyekaa juu ya paa la choo kutwa nzima kwa sababu ulimwambia asishuke mpaka urudi, kisha ukasahau kurudi.

Wanaishi chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Sakafu ni ya saruji, safi. Kuna kitanda, cherehani aliyotoka nayo kwa mama, kabati lisilo na mlango mmoja, na kamba ya nguo inayopita juu ya kitanda kwa sababu nje hakuna nafasi. Ukutani ametundika kalenda mbili za mwaka uleule kutoka maduka mawili tofauti. Nilimuuliza za nini zote mbili. Akasema anazilinganisha.

Kadi ya kliniki ya mtoto ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni na kuipigilia msumari kando ya kalenda. Mtoto ana miadi ya chanjo. Kitinda amenieleza kwamba kila palipo na miadi, iwe yake alipokuwa mjamzito au sasa ya mtoto, yeye huenda siku moja kabla, anasimama dirishani, anauliza kama kweli ni kesho, kisha anarudi nyumbani. Wale wa dirishani wameshamzoea. Wanamwita Mama Kesho. Alinisimulia hilo akicheka, nami nikacheka naye.

Kaka, sasa turudi kwenye siku ile ya uani, maana ndiyo iliyoniketisha mezani.

Unakumbuka hoja ilivyokuwa. Mama alikuwa na vali ya moyo iliyowekwa na madaktari, akinywa dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa ile ina ukali wake: ikizidi, damu inakuwa nyepesi mno na mtu anaweza kuvuja ndani kwa ndani. Ndiyo maana alipangiwa kupimwa damu kila baada ya wiki nne, siku ya Alhamisi, maana kipimo kile hufanyika Alhamisi tu. Miadi yake ilikuwa Alhamisi tarehe 29 Februari. Kadi iliandikwa hivyo, kwa wino wa bluu, na wewe uliishika mkononi ukaisoma mbele ya watu. Kitinda alimpeleka Ijumaa, tarehe mosi Machi. Wakaambiwa kipimo kilikuwa jana, warudi Alhamisi inayofuata. Jumanne mama akaanguka jikoni akiwa ameshika kifuniko cha chungu. Daktari alisema alivuja damu kichwani, na kwamba kama angepimwa Alhamisi ile, huenda dawa ingepunguzwa mapema na yasingetokea. Alisema huenda. Simwongezei neno.

Kitinda alijitetea kwamba ujumbe wa hospitali ulioingia kwenye simu ulisema miadi ni kesho, tarehe mosi. Ulimtaka auonyeshe. Kile kisimu cha mama kinabeba ujumbe hamsini tu, na rambirambi za siku mbili zilikuwa zimeshausukuma nje. Hakuwa na cha kuonyesha. Ndipo ulipogeuka kwenye kiti cha plastiki ukaniangalia mimi, ukaniambia: Profesa, wewe ndiye mtu wa hizi mashine, hebu tuambie, zinaweza kukosea tarehe?

Nami nikajibu kwamba mashine haikosei tarehe, anayekosea ni mtu.

Ukasema umesikia. Shangazi mkubwa akasema basi yamekwisha. Kitinda hakukuangalia wewe. Aliniangalia mimi, akaingia ndani, akatoka na mabegi mawili, na mjomba akambebea cherehani hadi barabarani. Miaka sita aliyoishi akimwogesha mama, akimpikia, akimkata kucha, ikaishia pale. Ufunguo wa nyumba ukaondoka nao wewe.

Sasa vumilia kidogo nikueleze kazi yangu, kwa sababu hujawahi kuniuliza na mimi sijawahi kukueleza vizuri. Ninaandika programu kwa lugha inayoitwa Java. Programu ya Java huandikwa kwa vipande vipande, na kila kipande chenye kazi yake tunakiita klasi. Kuna klasi ya kusoma mafaili, kuna ya kupanga orodha, kuna ya tarehe. Nyingi kati ya hizo zilikwisha kuandikwa zamani na watu wengine, na zinakuja na lugha yenyewe kama gari linavyokuja na jeki. Ukiitaka mojawapo unaandika mstari mmoja tu juu ya ukurasa wako, wa kuiagiza. Kuanzia hapo unaitumia. Huombi ruhusa, na hujui hata sura ya aliyeiandika.

Kwa nini mtu aagize wakati anaweza kuandika mwenyewe? Jibu unalo wewe. Mteja akikuletea gurudumu linalopiga kelele, ukakuta beringi imekufa, huwashi tanuru ukafua nyingine. Unatuma dukani iletwe yenye namba ileile. Si kwamba huwezi kufua chuma. Ni kwamba ile ya dukani imeshazungushwa na watu wengi kwenye joto, kwenye vumbi na kwenye matope, na ilipopasuka walijua imepasukia wapi, wakaitengeneza upya. Yako ingezungushwa kwa mara ya kwanza na mteja wako, barabarani, watoto wakiwa kiti cha nyuma.

Ofisini kwetu kuna mtu mzima tunayemwita Babu Kiraka, kwa sababu kazi yake ni kuziba matundu ya wengine. Ana miaka hamsini na miwili, na kwa kazi yetu huyo ni babu. Wiki yangu ya kwanza alinikalisha akanipa somo hilohilo. Alisema klasi ya kuagiza si kwamba imeandikwa na malaika. Imeandikwa na watu, wakakosea, wakakosolewa na wengine maelfu kwa miaka, na sasa imeshamaliza kukosea makosa ambayo mimi bado sijapata nafasi ya kuyakosea. Akasema kijana mwenye haraka huona kuagiza ni uvivu, kumbe uvivu ni kukataa kusoma kazi ya aliyekutangulia.

Nilimsikiliza kwa heshima na nikampuuza. Nilikuwa nina miezi mitano kazini. Nilipewa kazi inayohusu tarehe: programu ipokee siku ambayo mtu anatakiwa mahali fulani, ihesabu siku moja nyuma, imtumie ujumbe wa kumkumbusha. Klasi ya tarehe ya kuagiza ilikuwepo. Ningemaliza kabla ya chakula cha mchana. Badala yake nikaandika yangu.

Unataka kujua sababu. Nimeitafuta kwa muda mrefu, na kila nikitafuta naishia kwenye mlango wa baba. Unaujua. Baba hakuwahi kununua bawaba. Alizichonga za mbao, kama alivyochemsha gundi yake mwenyewe na kujitengenezea mpini wa kila nyundo. Alikuwa akisema fundi anayenunua kitu ni mteja. Mimi ndiye niliyekuwa nikikaa kwenye vumbi la randa nikimshikia ubao, wewe ukiwa umeshakimbilia kwenye magari. Alipofariki, hata arobaini haijafika, ulikuja na bisibisi ukang'oa bawaba zake za mlango wa mbele ukaweka za chuma, za dukani. Nilikununia siku mbili. Nilisema umemzika baba mara ya pili. Ulichonijibu ni kwamba mama kwa miaka kumi na moja amekuwa akiunyanyua mlango ule kwa bega ili ufunguke. Mimi sikuwa nimeliona hilo. Nilichokiona ni bawaba. Mama aliufungua na kuufunga kwa kidole kimoja, mara nne, akicheka peke yake.

Basi niliandika klasi yangu ya tarehe. Mistari mia mbili na kumi na minne. Iligawa miezi, ikajua ipi ina siku thelathini na ipi thelathini na moja, ikajua mwaka mrefu, ule wenye siku 366, na mwaka mfupi. Nilijivunia. Babu Kiraka aliiona siku moja akichungulia begani kwangu, akauliza kwa nini nachimba kisima ndani ya nyumba yenye bomba. Aliniambia niitoe kabla hajarudi kutoka likizo. Nikasema ndiyo babu. Alipokwenda likizo nikairuhusu ianze kazi kama ilivyo, na aliporudi alikuta kazi nyingine zinamsubiri.

Hayo ni ya ofisini. Sasa nikupe ya chumbani kwa Kitinda, kama alivyonisimulia Jumamosi ile, mtoto akiwa amelala na yeye akisuuza nguo. Sikuwa nimewahi kumuuliza asubuhi ya tarehe 29 ilikwendaje. Kwa miezi kumi na minne sikuuliza, na utaona kwa nini.

Alisema siku ile mama aliamka mapema kuliko yeye. Alijua ni Alhamisi, na Alhamisi ya kliniki alikuwa hahitaji kukumbushwa. Alikuwa ameshaoga, amevaa gauni la kijivu, na kadi iko ndani ya mkoba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mlangoni, ameshavaa viatu. Mikononi alikuwa na madoa meusi ya damu iliyovilia, na Kitinda alitaka kumwambia muuguzi habari za madoa hayo. Walikuwa wanasubiri tu chai ipoe.

Saa mbili na dakika kumi simu ikalia. Kitinda akasoma kwa sauti. Ujumbe ulisema: Kumbusho. Miadi yako ya kliniki ni kesho, tarehe 1. Akamwambia mama inaonekana wamesogeza. Mama akasema kadi inasema leo. Kitinda akachukua kadi, akaisoma, akasoma tena simu, akamwambia mama kwamba heri waende tu leoleo, wakiambiwa kesho watarudi. Nataka ulisome hilo mara mbili, kaka. Yeye alitaka waende.

Mama ndiye aliyekataa. Kitinda hakuliweka wazi hilo siku ya uani na hakuliweka wazi siku nyingine yoyote. Mama aliichukua simu, akaiweka mbali na macho kama alivyozoea, akautazama ujumbe ule ambao hakuweza hata kuusoma bila miwani, akasema kwamba Wa Kati ndiye aliyeuandika ujumbe huu, na kama mwanawe amesema kesho, basi ni kesho, hawezi kwenda kumwaibisha mtoto mbele ya wenzake. Kisha akainama akavua viatu, akavipanga chini ya kiti.

Umesoma vizuri. Ile kazi ya tarehe niliyopewa ilikuwa ya hospitali. Ujumbe wa miadi ya kliniki ya mama ulitumwa na programu yangu. Mama alijua, kwa sababu siku ulipoingia ujumbe wa kwanza nilimpigia kumwambia ni kazi yangu, na tangu hapo kila ulipoingia alimwonyesha jirani akisema Wa Kati ananiita. Kitinda alijua kwa sababu aliishi naye. Wewe hukujua, kwa sababu nilijua ungeanza kuniita Daktari, nikasema nitakuambia siku tukionana.

Na kosa lilikuwa langu. Siku ya uani nilipokujibu, sikuwa nimeangalia. Nilijibu kwa kiburi tu, kama mtu anayetetea mlango wa baba. Lakini Jumatatu tarehe 11 Machi nilirudi kazini, nikafungua klasi yangu, na haikunichukua robo saa. Nilikuwa nimeifundisha kuhesabu mwaka mrefu, lakini mahali pale pa kupokea tarehe kutoka kwa muuguzi nilisahau kuiuliza kama mwaka huu ni mrefu. Kwake Februari ilikuwa na siku ishirini na nane na basi. Muuguzi alipoandika 29, ikaona siku hiyo haipo, ikaisogeza mbele: tarehe mosi Machi. Ikahesabu siku moja nyuma, ikapata tarehe 29, na asubuhi ya tarehe 29, siku ya miadi yenyewe, ikawaambia watu waje kesho.

Walikuwa watu arobaini na watatu. Kumi na saba waliiamini kadi wakaja Alhamisi. Ishirini na sita waliiamini programu yangu. Wauguzi walidhani ni ile tarehe adimu imewachanganya watu. Nimefuatilia mmoja mmoja katika orodha: ishirini na watano walipangiwa siku nyingine, wakapimwa, na wako hai. Wa ishirini na sita ni mama.

Siku ile nilifuta mistari yote mia mbili na kumi na minne. Mahali pake nikaandika mmoja:

import java.time.LocalDate;

Nikaijaribu. Niliipa 29 Februari, ikaipokea bila kushtuka. Nikaiambia irudi nyuma siku moja, ikanipa 28. Kazi yote ilichukua dakika ishirini. Tukibadilisha kitu tunatakiwa kuandika sababu kwenye kisanduku chini ya ukurasa, ili wenzetu wajue. Niliandika neno moja: Usafi. Babu Kiraka alipoona, alinipiga begani akasema hatimaye nimekua.

Kwa hiyo tangu tarehe 11 Machi mwaka jana nimejua. Nilijua ulipotuma neno kwamba hutakuja kwenye harusi ya Kitinda. Nilikuwa pale, nikala, nikapiga makofi, nikijua. Nilijua kila uliponiambia kwenye simu kwamba usingeweza kumsamehe mtu aliyeshindwa kusoma kadi. Nilisema mm. Ndicho nilichosema, kaka, kila mara. Mm.

Sina maelezo ya kukupa zaidi ya woga. Mwanzoni nilijiambia nasubiri matanga yaishe, kisha nikajiambia nasubiri hasira zako zipoe, kisha nikaona hasira zako zinanifaa, maana zimeelekea kwingine.

Jumamosi ile nilimwambia Kitinda yote, nikiwa nimesimama kati ya beseni na kitanda. Hakushtuka. Alisema alijua tangu uani, nilipojibu haraka mno. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema siku ile kaka alikuwa anatafuta mtu mmoja wa kumlaumu, na mmoja alikuwa ameshapatikana. Angenitaja mimi tungekuwa wawili na mama angebaki palepale. Na akasema pia kwamba mama alivua viatu kwa furaha, na hakutaka mtu aje aifanye furaha ile kuwa ya kipumbavu. Kisha mtoto akaamka, na akaniambia nimchukue kwa sababu mikono yake ina sabuni.

Jumatatu iliyopita nilimweleza mkubwa wetu kazini, mbele ya Babu Kiraka. Jumatano tuliwaandikia hospitali, na majina yote ishirini na sita nimeyaambatanisha. Nimesimamishwa kazi wakati wanachunguza. Ni haki. Babu Kiraka alinisindikiza hadi ngazini. Hakunifariji na hakunisema. Aliniuliza mama alikuwa na miaka mingapi, nikamjibu sitini na minne, akarudi ndani.

Sikuombi unisamehe. Ukiamua usiongee na mimi miezi kumi na minne, utakuwa umenipa adhabu ileile aliyoibeba mwenzangu, na mimi naistahili. Ninachokuomba ni kimoja. Maneno uliyomwambia Kitinda uliyajenga juu ya jibu langu, na jibu lilikuwa la uongo. Yaondoe. Mpigie. Namba yake ni ileile, hajaibadilisha, na nadhani unajua kwa nini.

Nisalimie shemeji sana, mwambie zile shuka alizotuma zilifika na Mgeni analalia mojawapo. Wasalimie watoto, yule wa jino mwambie na huyu wa huku hana hata moja na anacheka na kila mtu. Ukipita kwa mama, ufungue madirisha upande wa jikoni, panakuwa na unyevu msimu huu. Ukandwe mgongo, usinyanyue gia boksi peke yako.

Ni mimi mdogo wako,
Wa Kati

Nimesahau jambo moja. Kadi ya mtoto ina nafasi tupu palipoandikwa jina. Muuguzi amesema haiwezi kubaki hivyo, ijazwe siku ya chanjo, Alhamisi tarehe 22. Kitinda atakwenda Jumatano kuuliza dirishani kama ni kesho. Mimi nimeshaangalia kwenye kalenda zake zote mbili, kisha nikahesabu kwa vidole. Ni Alhamisi.